Nyusi za Anthi

Thessaloniki, Ugiriki
Tarehe 29 Machi

Mpendwa Shangazi Lamara,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Theluji imeshaisha paani, au bado unapanda na koleo mwenyewe huku majirani wakikupigia kelele ushuke? Mimi ni mzima, ila mafua ya Januari yamekataa kuniacha.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Baba Mdogo Zviadi anataka kumhamishia Bibi kwake Tbilisi, ghorofa ya tisa, baada ya Pasaka. Wewe unasita, nami mnanitaka maoni. Unasema kumuuliza mwenyewe ni kazi bure, maana tangu kiharusi kimnyang'anye sauti haongei wala haandiki. Tena siku hizi Zviadi akianza habari za Tbilisi, Bibi anageukia ukutani, nawe unahofia akili nayo inamtoka. Jambo hili limeninyima raha wiki nzima. Niache kwanza nikusimulie habari za Anthi.

Unajua Kigiriki kinavyonitoa jasho. Darasani naeleza vizuri tu hali ya hewa na bei ya samaki, lakini dukani nikifungua mdomo muuzaji ananijibu kwa Kirusi, akidhani mimi ni Mrusi. Ndiyo maana nilipoona tangazo chuoni, kwamba kituo cha watoto wenye ulemavu kinatafuta watu wa kujitolea, nilienda mbio. Nilijiambia nitawasaidia watoto, nao watanilegeza ulimi. Kumbe mtoto niliyepewa hasemi hata neno moja.

Anthi ana miaka kumi. Ana utindio wa ubongo, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, mikono haimtii, ila macho yake hayapitwi na kitu. Siku ya kwanza nilimlisha mtindi. Kila kijiko kilipokaribia aliinua nyusi na kidevu, nami nikadhani anatazama taa. Nikaendelea, mpaka Bi Evlambia, mlezi mkuu, akanishika mkono.

"Wewe Tamta, mtoto anakukatalia tangu saa ile, unamshindilia tu kama unajaza gunia."

"Amekataa vipi, na haongei?"

"Kwani nyusi zake huzioni?"

Huku, Shangazi, mtu akiinua nyusi na kurusha kichwa juu kidogo, amekataa. Mwenye bucha hufanya hivyo, dereva wa basi hufanya hivyo, wala hawaongezi neno. Mimi nilikuwa nimekaa nao miezi mitatu nikidhani wananidharau. Anthi ndiye aliyenifundisha, na tangu hapo nimezoea kumuuliza kitu kisha kunyamaza, maana shingo yake inachelewa na jibu lake halitaki haraka.

Siku nne zilizopita, tarehe ishirini na tano, wanafunzi wa nchi nzima waliandamana kwa gwaride la sikukuu ya taifa. Watoto wetu wanaandamana na shule ya jirani. Siku ya mazoezi, mwalimu mkuu alitangaza kwamba Anthi atasukumwa mbele kabisa, pembeni ya bendera, watu wampigie makofi. Kila mtu alifurahi. Mama yake alilia. Mimi nilikuwa nafunga utepe wa nywele zake, nikaona nyusi zinapanda.

Nikasema kwa Kigiriki changu kibovu, "Mwalimu, Anthi hataki."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Hiyo ni furaha tu, binti yangu. Anatetemeka kwa furaha."

Bi Evlambia akapiga magoti mbele ya kiti. "Anthi mwanangu, unataka kwenda kwenye gwaride?" Kichwa kikainama: anataka. "Mbele, na bendera?" Nyusi juu. "Sasa wapi? Nyuma, na Lazaros?" Kidevu kilishuka mpaka kikagusa kifua.

Lazaros ni rafiki yake, anayekosea hatua kila mwaka na kuangua kicheko barabara nzima. Basi walipita mstari wa mwisho, wote wawili wakicheka, na hakuna aliyewapigia makofi ya pekee. Mama yake alinuna kidogo kwa sababu ya picha, halafu tulipokula samaki kwa kitunguu saumu akasahau. Mimi sikusahau. Tulikuwa watu wazima wengi pale, wote tunampenda, na tulikuwa tumeshampangia.

Sasa nakujibu. Mimi sina maoni juu ya Tbilisi. Zviadi anampenda mama yake, na wewe umechoka kubeba peke yako, sikulaumu. Lakini umeniandikia kwamba kila akitajiwa Tbilisi anageukia ukutani. Shangazi, akili haijamtoka. Amewajibu.

Msalimie Baba Mdogo, na jirani yako Natela. Mungu akulinde ukiwa juu ya hilo paa, na akupe usingizi.

Salamu za Bibi usimpe ukiwa unapita na ndoo. Kaa mbele yake, mwambie Tamta anauliza kama bado anamkumbuka. Kisha nyamaza, usimjibie.

Akupendaye kwa moyo wote,
binti wa kaka yako,
Tamta