Viti Vitano Katika Hema la Kulungu

Jumapili, 22 Septemba

Ukungu. Digrii nane dirishani saa moja asubuhi, baadaye jua.

Binti yangu Vroni kapiga simu nikiwa nachemsha yai. Wazazi wa mchumba wake, Hauke, wanakuja kutoka Hamburg, Jumamosi watakuwa nasi. Hawajawahi kutia mguu Munich, nami sijawahi kuwatia machoni wakwe hao. Akaniuliza polepole, kama anayempa mgonjwa majibu ya vipimo: Mama, una hakika na viti? Maana watu wanasema meza za Wiesn, sherehe yetu ya bia, huwekewa nafasi tangu Machi.

Nikamjibu — Mungu anisamehe — kwamba kuweka meza ni mambo ya makampuni na wageni. Sisi wenyeji tunaingia tu, tunakaa.

Tunaingia tu! Mara ya mwisho kukaa ndani ya hema la bia, marehemu mume wangu Schorsch alikuwa hai. Miaka kumi na moja. Tangu hapo kila Septemba nafunga madirisha nisiwasikie walevi, na kazini najifanya nimechoka na sherehe.

Lakini jambo lenyewe si bia. Onno, baba yake Hauke, ana kiwanda kidogo cha kukausha samaki kwa moshi huko kwao, na anamtaka mwanawe arudi akishike. Hauke akienda, Vroni naye anakwenda. Wataamua wikendi hii. Hesabu yangu ni nyepesi: wakwe waketi, bendi ipige, kuku aletwe, mzee aone mwanawe anavyoishi kwa raha huku. Basi, atarudi peke yake kwenye moshi wake.

Kwa hiyo nimemweka binti yangu wa pekee juu ya benchi la mbao ambalo sina.

Jumatatu, 23 Septemba

Rasharasha tangu alfajiri. Digrii kumi na moja.

Saa ya chakula nimejificha chumba cha mafaili nikapigia simu mahema sita, kwa sauti ya chini, daktari asisikie. Wa kwanza alicheka. Wa pili alicheka, kisha akamwita mwenzake naye aje acheke. Wa tatu aliniuliza: Jumamosi ya mwaka gani, mama?

Miaka kumi na tisa nawapangia watu zamu kwa daktari wa meno. Nawakaripia wanaokuja bila kujiandikisha.

Jumatano, 25 Septemba

Mawingu, bila mvua. Digrii kumi.

Nimepanda kwa Bi Zenta, ghorofa ya juu, na keki ya plamu, za mwisho za msimu. Bi Zenta ameosha vyombo mahemani miaka thelathini, anajua kila mlango. Alikula vipande viwili kwanza ndipo akafungua mdomo.

Jumamosi milango inafunguliwa saa tatu. Nusu ya Hema la Kulungu haiwekwi na mtu hadi jioni. Ikifika saa nne imejaa. Mtu mmoja anaweza kushikia wenzake viti, lakini kwa ridhaa ya mhudumu wa meza hiyo tu. Mhudumu anainunua bia kaunta kwa fedha yake mwenyewe, halafu ndipo anakuuzia wewe. Kiti kitupu kinamla yeye.

"Kwa hiyo ukimfikia, muulize jina," akasema. "Agiza mapema. Na usinyanyuke, wee Traudl! Hata ukibanwa."

Halafu akanitazama. Kwani siwezi kuwaambia tu kwamba sikuweka meza? Wakale nyumbani?

Nikamwambia aache upuuzi. Nikamwachia keki yote.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua mchana kutwa. Digrii tisa.

Gauni la sherehe halifungi. Nimeshusha pumzi yote, nimelala chali kitandani, nimevuta zipu — limefunga. Kupumua tutaona kesho.

Nimefanya mazoezi jikoni. Koti likitandazwa vizuri linashika nafasi mbili. Sweta moja. Kofia ya Schorsch moja. Mimi ya tano. Nimekaa hapo katikati ya nguo kwa dakika kumi nikiangalia mlango kwa ukali, hadi Bi Zenta akaingia kurudisha sahani ya keki. Mwanamke wa miaka hamsini na nane.

Vroni kapiga simu: wakwe wamefika hotelini, watakuja saa sita kamili. "Hawachelewi, Mama. Ni watu wa saa." Nikasema na sisi ni watu wa saa. Nikatega saa za kuamsha tatu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua kubwa, upepo. Digrii saba saa kumi na nusu alfajiri. Naandika jioni, chumba kidogo cha nyuma, kitandani, gauni bado mwilini. Zipu imegoma.

Nilikuwa mlangoni mwa hema saa kumi na mbili kasoro kumi. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Mbele yangu watu kama mia mbili, wengine na vigoda.

Saa tatu mlinzi akafungua, watu wakatoka mbio. Nami nikatoka mbio! Viatu vya bizimu miguuni. Aproni puani, mwavuli mbele kama mkuki. Nikateleza kwa goti na kuikumbatia nusu ya meza karibu na nguzo. Nusu nyingine wakakaa mafundi paa wanne wa mtaa wa Giesing. Nikatandaza koti, sweta, kofia. Fundi mmoja akaisalimia kofia: "Habari za asubuhi, mzee? Mbona kimya?"

Mhudumu anaitwa Burgl. Mikono kama mihimili ya ghala.

"Watu wako wapi?"

"Wako njiani."

"Wanatoka Amerika?"

"Hamburg."

"Ndiyo mbali zaidi. Sikiliza, mama. Koti halinywi."

Nikaagiza jagi. Lita nzima, tumboni yai moja. Saa nne na nusu akarudi, akaionyesha kofia kwa kidole: "Na huyu bwana?" Nikamnywea bwana. Saa tano na robo akasema watu wanamlilia viti, ila nikiagiza kuku wa watu watano sasa hivi, atavilinda viti hivyo kwa viwiko vyake. Nikaagiza. Vikaja vipande vitano, nusu kuku kila kimoja, vimepangwa mbele yangu na mbele ya nguo zangu. Mafundi wakaitakia kofia chakula chema.

Saa sita kasoro robo wakafunga milango. Hema limejaa, haingii mtu tena.

Saa sita kamili, simu. Vroni: Mama, tuko nje, mlinzi anakataa. Toka tukale mahali pengine.

Nitoke! Nikaangalia viti vyangu vitano. Sijawahi kuwa na kitu kizuri hivyo. Nikamwambia wasubiri kidogo tu, namfuata Burgl aongee na mlinzi. Burgl akasema hata akija mama yake mzazi hafunguliwi. Hilo sikulipeleka kwa Vroni. Nikamwambia: dakika tano.

Halafu bendi ikaanza. Halafu fundi mmoja akanipa mkono, nikapanda juu ya benchi. Nakumbuka nikiimba. Nakumbuka nikimfukuza Mtaliano kwa paja la kuku: pana watu hapa!

Ujumbe wa Vroni, ninakili: Saa sita na nusu — Mama? Saa saba — Mama yake Hauke ameloa mpaka soksi. Saa nane — Nakusikia ukiimba, Mama. Tupo ukutani hapa. Saa nane na nusu — Tumeondoka.

Huo wa mwisho niliusoma mara tatu. Nikakusanya nguo, nikawafunga kuku ndani ya sweta. Sijafika mwisho wa benchi, Waitaliano saba wamekaa. Burgl hata hakugeuka.

Nyumbani kulikuwa na mwanga jikoni. Bi Zenta alikuwa amewafungulia wageni kwa ufunguo wangu wa akiba. Onno amevaa makobazi ya Schorsch, anamenya viazi. Mkewe Wiebke, nywele ndani ya taulo langu, anakaanga vitunguu. Bi Zenta amekwishasimulia yote: simu sita, keki, mazoezi na koti. Onno alikuwa akicheka hadi anajifuta machozi kwa mkono wa kisu. "Bi Traudl!" akasema. "Mimi ningekodi mtumbwi nitoroke kuliko kukiri. Kaa, kaa." Viti vya jikoni ni vinne, kigoda kimoja. Wao watano. Hauke akanyanyuka anipishe. Nikakataa, nikala nimeegemea friji.

Ni watu wema. Hilo ndilo baya. Nilikuwa nimejiandaa kwa watu wakavu.

Nikamvuta Vroni ukumbini. Nikamuuliza: mmeongea na mzee? Kuhusu kiwanda?

"Tulikuwa na saa mbili na nusu pale ukutani, Mama. Tumeongea yote."

"Na?"

"Kesho. Leo umelewa."

Akanibusu kwenye paji la uso, kama mimi ndiye mtoto.

Ukuta wa chumba hiki ni mwembamba. Onno anaosha sahani, Bi Zenta anamsahihisha. Wiebke anaeleza habari za viatu: vyenye manyoya ndani, soli nene, namba moja zaidi ili soksi mbili zienee, maana kule kwao Januari upepo unatoka baharini moja kwa moja.

Vroni anamuuliza vinauzwa wapi.

Saa mbili na dakika arobaini. Nalala.