Namba ya Xavery Katika Rejista ya Mbolea ya Ruzuku

KIKUNDI CHA WAKULIMA TUJITUME, LUSU
Kikao cha dharura cha kamati, Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, ghala la zamani la pamba. Asubuhi kavu, upepo wa vumbi, mawingu mbali upande wa mashariki.

WALIOHUDHURIA: Wenceslaus Masanja (Mwenyekiti), Siwema Hilari (Katibu), Kabula Sayi (Mjumbe), Mzee Ngollo Lukas (Mjumbe). Mwalikwa: Amon Elieza, Afisa Ugani.

HAYUPO: Xavery Ngollo (Mjumbe), mwana wa Mzee Ngollo na mume wa Katibu. Aliondoka kwenda machimboni Julai 2024. Hakuna taarifa.

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:40 asubuhi. Alieleza kwamba orodha ya wakulima wa ruzuku inafungwa Ijumaa na limebaki jina moja la kuamuliwa.

KUMB. NA. 2/10/2025: SHAMBA LA KAYA YA KATIBU
Afisa Ugani alieleza kwamba shamba hilo la ekari tatu limeandikishwa kwa jina na namba ya simu ya Xavery. Ujumbe wa kuchukulia mbolea huenda kwenye namba hiyo, na Katibu akiipiga haipatikani. Msimu uliopita kaya ilipanda bila mbolea, ikavuna magunia sita. Alishauri Xavery afutwe, Siwema aandikwe.

Katibu alipinga. Alisema mwenye shamba yupo, amechelewa tu.

Bi. Kabula alisema: "Mwaka na miezi mitatu? Dada, hata treni ya mizigo ingekuwa imeshafika." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aliomba utulivu.

Afisa Ugani alisema kwamba hakupanga kulisema hili, lakini mfumo unaonyesha namba hiyo ilichukua mfuko mmoja kwa wakala wa mbolea wa kijiji cha Tura, Novemba mwaka jana.

Mzee Ngollo alivua kofia, akasema, "Kumbe yu hai."

Bi. Kabula aliuliza huko Tura analima shamba la nani.

Katibu aliuliza ilikuwa mbolea gani. Alijibiwa, ya kupandia. Aliuliza kama ya kukuzia ilichukuliwa pia. Alijibiwa, haikuchukuliwa. Katibu alisema mtu aliyekusudia kukaa mahali huchukua zote mbili. Alieleza pia kwamba namba ikifutwa, hakuna kitakachoonekana tena, awe Tura au kwingine.

Mzee Ngollo alisema: "Mkamwana, wajukuu zangu hawali namba ya simu. Mfute."

Katibu alijaza fomu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi ya Katibu. Ilikamilika saa 4:35.

AZIMIO: Namba ya Xavery Ngollo ifutwe. Siwema Hilari aandikwe kwa namba yake.

KUMB. NA. 3/10/2025: MENGINEYO
Katibu aliomba ruhusa kuanzia kesho. Anakwenda Tura. Mwenyekiti aliuliza atarudi lini. Katibu alisema kabla ya mvua za kupandia.

Bi. Kabula alisema mbuzi atawafungulia yeye, na watoto watakula kwake.

Mzee Ngollo aliagiza kwamba Xavery akipatikana aambiwe aliyesema afutwe ni baba yake, si mke wake. Aliomba iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/10/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:05 asubuhi.

W. Masanja, Mwenyekiti ..................
S. Hilari, Katibu ..................