Maji ya Moto Mlangoni

Mpendwa mama,

Umeshatangulia, na mimi bado nina swali. Ukimwaga maji ya moto uani kwetu Pemba ulisema, "Bismillahi, tupisheni," halafu ukamalizia na maneno mengine, chinichini. Yalikuwa maneno gani? Nimewapigia simu dada zangu. Hawakumbuki.

Huku London nabeba matofali, ndiyo kazi niliyoipata kwa elimu yangu ya darasa la sita. Leo wakati wa chai, Maiko, mzee wa Ayalandi anayepiga plasta, alisimama mlangoni mwa kibanda chetu na birika. Kabla ya kumwaga maji yaliyobaki akanong'ona kitu.

"Unasema na nani, mzee?"

"Na watu wema," akajibu, akiona haya kidogo. Kwao shamba, mama yake hakumwaga nje maji ya kuoshea miguu bila kuwaonya kwanza wale wasioonekana, wakaao chini ya kilima. Jina lao hasa halitajwi. Huitwa watu wema ili wasikasirike.

Nikamwambia hata wewe ulikuwa hivyo kwa majini.

"Kumbe Afrika nako wapo?"

"Wapo, ila wetu wengine wanaswali."

Alicheka hadi chai ikamwagika. "Hiyo hukuwapigia hodi," nikamwambia.

Akasema kwao moto haukuzimwa. Usiku mama yake aliufukia jivuni na kuuombea, asubuhi akaufukua ungali mwekundu. Hapo nikakuona umechuchumaa penye mafiga, unanifokea: "Usilizoe jivu hilo, wee! Mna moto wa chai yako humo!" Mama, nani alimfundisha mwenzake? Wapemba na hawa walikutana wapi?

Lakini Maiko anayo maneno ya mama yake yote, kwa lugha yao. Mimi ninayo nusu, na nikifa nayo itakwenda.

Nimerudi Walthamstow mgongo unauma, nikamsimulia mjukuu wako Salma. Kiswahili anakisikia, ila hunijibu kwa Kiingereza. Akataka nimfundishe. Ua wa nyuma hatuna, tukasimama kwenye sinki na sufuria ya maji ya viazi.

"Bismillahi, tupisheni," nikasema, nikakwama.

Salma akaliinamia lile tundu la sinki, akamalizia kwa upole: "Sori, jamani."

Kama yako yalikuwa mazuri zaidi, mama, nijie hata ndotoni unisahihishe. Mpaka hapo tutasema hivyo.

Mungu akuweke pazuri.

Kitindamimba wako