Salamu Zitangulie

Nyumbani, juu ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na kwanza hali yako. Kifua kimeacha kukusumbua? Hiyo baridi ya kiwandani uliyoitaja, unaikabili kwa lile koti nililokushonea, au bado limekaa sandukuni kwa heshima?

Sisi hatujambo. Mama ana presha yake ileile. Asipokumbushwa dawa anasahau, akikumbushwa anakasirika. Mimi goti linanisema kila nikipanda ngazi, lakini cherehani nakanyaga kwa mguu mwingine, kwa hiyo wateja hawajajua. Mwenye nyumba alipaka vyuma vya ngazi rangi ya kijani bila kuweka tangazo, na nusu ya wapangaji wakaenda kazini na viganja vya kijani.

Sasa Kasuku. Mdogo wetu aliyekuwa hanyamazi hata akitafuna siku hizi anajifungia chumbani na kompyuta. Chuoni kwao wanafunzi wa uandishi wa habari wametakiwa kupeleka insha kuhusu maadili ya kazi yao, na mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu. Insha bora itachapishwa gazetini, na aliyeiandika atapewa nafasi ya kujifunza kazi kwenye chumba cha habari. Unajua anavyoitamani nafasi hiyo.

Ameandika juu ya picha ya Baba.

Nakueleza taratibu. Hakugusa kesi wala yule mkandarasi. Ameandika kwamba Baba alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kufariki, mpiga picha alifika kabla ya gari la wagonjwa, na picha ikawekwa kwenye ukurasa wa gazeti mtandaoni kabla mtu yeyote hajabisha hodi kwetu. Uso waliuficha, shati hawakulificha. Anauliza kama kuficha uso kunatosha, na mhariri angepoteza nini kama angesubiri jioni. Hoja zake zimenyooka, hata mimi nisiye na subira ya kusoma niliimaliza.

Tatizo ni mwanzo. Insha inaanza na simu yako, ulipompigia Mama kutoka kiwandani wakati wa mapumziko, picha ukiwa umeshaiona, ukamuuliza Baba ametoka amevaa shati gani. Mama akakujibu kwa furaha kwamba amevaa lile la bluu ulilomtumia.

Mama alisomewa mezani baada ya chakula. Alisikiliza huku akikunja kitambaa cha meza, akakikunja hadi kikawa hakikunjiki tena. Akasema kwa upande wake ameruhusu, kisha akamgeukia Kasuku.

"Kaka yako umemuuliza?"

"Mama, atakubali tu. Mgonjwa haulizwi uji."

"Huyu ataulizwa."

Kasuku alilia, sikufichi. Anasema bila mwanzo ule insha yake itafanana na za wenzake wote, na sikuweza kumbishia. Lakini Mama hakurudi nyuma. Simu pia ameikataza, anasema kwa simu yamekupata ya kutosha. Ndiyo maana barua hii inaletwa na fundi vioo wa hapa chini, anayekuja huko kumwona mwanawe. Insha yenyewe sikuiweka humu, usije ukafungua bahasha ukakutana na siku ile hujajiandaa.

Gazeti ni lilelile, hilo nilipaswa kulisema mapema. Huenda wenzako wa kiwandani wakaisoma.

Mimi sikushauri kitu, ingawa unajua kushauri ndiyo kazi yangu ya pili. Naumia tu kukuuliza. Ukisema ndiyo, Kasuku atapeleka ilivyo. Ukisema hapana, ataufuta mwanzo wote, na hakuna atakayekununia. Labda yeye mwenyewe, naye hawezi kununa wiki nzima, mdomo utamwasha. Mpe fundi jibu lako, hata la neno moja.

Shangazi anakusalimu sana. Shemeji yako naye, anauliza kama huko bado unapika wali ukaungua. Kasuku anakusalimu, amesimama nyuma yangu tangu aya ya tatu akijifanya anatafuta mkasi. Mama anakuombea Mungu akupe afya na usingizi mzuri, nami naitikia amina.

Utaona nimezunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Ni amri ya Mama. Alitaka dawa, goti na ngazi vyote vitangulie, kwa sababu siku ile, anasema, ulipewa habari kabla ya salamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa jibu lolote.