Sahani Iliyongojeshwa Hadi Saa Sita

Kuze, Mombasa
Jumanne, 14 Novemba 1995

Mpendwa mshauri,

Leo ni miaka arobaini na minne na siku tisa tangu niteremke bandarini hapa nikitoka Galle, kusini mwa kisiwa ambacho wakati huo kiliitwa Ceylon, na katika miaka hiyo yote sijapata kumwomba mtu msaada kwa barua, lakini naomba wako sasa, kwa sababu nina hasira isiyoshuka, na aliyenitia hasira hiyo ni mwanangu wa pekee, Lewis.

Nilikuwa sonara hadi macho yaliponiacha. Mimi ni Mbudha, na hapa Kuze hilo si siri wala si kioja, kila asubuhi huweka mbele ya sanamu ndogo ya Budha taa ya mafuta ya nazi, kikombe cha maji na asmini, na asmini hizo hazinuswi kabla hazijatolewa, maana kitu ulichokwisha kujifurahisha nacho si sadaka tena, na hata Mejumaa anayeniuzia huziweka kando akinitania, "Zako hizi, Mzee Piya, nimezichuma nimeziba pua kama mtu apitaye soko la samaki." Marehemu mke wangu Mirriam, mzaliwa wa Rabai, alikuwa Mkristo hadi kufa, hakunitaka niache yangu nami sikumtaka aache yake, na miezi miwili kabla ya kufariki aliniambia, "Ungalitangulia wewe, ningalikuombea kanisani. Kwa kuwa natangulia mimi, nimiminie yale maji yenu." Nikamwahidi.

Maji hayo, mshauri, humiminwa mwaka wa kifo unapotimia. Mtawa hualikwa nyumbani, huoshwa miguu mlangoni, sahani ya kwanza huwekwa mbele ya sanamu, kisha mtawa hupewa chakula kwa mikono miwili, na akisha kula ndipo jamaa humimina maji kutoka kwenye birika hadi bakuli lifurike, thawabu ya sadaka ile imwendee marehemu. Lakini mtawa hali baada ya saa sita mchana, tena haombi chakula. Asipopewa, hukaa vivyo hivyo. Lewis anayajua haya yote, kwani tangu ana miaka saba ndiye aliyekuwa akishika birika tulipowakumbuka wazazi wangu.

Mwezi uliopita mtawa alikuja kutoka Dar es Salaam, siku nzima ndani ya basi, hadi nyumbani kwa Lewis huko Tudor, nilikohamia baada ya mazishi. Mkaza mwanangu, Nekesa, alipika tangu alfajiri wali, dengu na biringani za nazi kama nilivyomfundisha, na saa tano kila kitu kilikuwa mezani, lakini Lewis akasema tungoje kidogo, mkubwa wake wa kazini, Bwana Dishon, yu njiani. Saa tano u nusu akasema bado kidogo. Saa sita kasorobo akasema si adabu kumpokea mtu mkubwa kwa makombo, na mtawa muda wote ameketi mkekani ameinamisha macho. Bwana Dishon aliingia saa saba kasorobo, akaomba radhi kwa mzaha, chakula kikaanza kupakuliwa, na mtawa akafunika bakuli lake. Ndipo mwanangu, mbele ya watu wote, akamwambia, "Kula tu, bwana. Mungu hatazami saa." Watu wakacheka. Maji ya Mirriam hayakumiminwa.

Jioni ile niliitia sanamu mfukoni mwa koti nikashuka hadi Kuze, na sasa nimepanga chumba cha uani kwa Mejumaa. Lewis amemtuma mkewe mara tatu kuniambia kwamba namwaibisha, watu wa Tudor wanasema amemfukuza babake. Sijamjibu, kwa kuwa naogopa nikifungua mdomo nitamlaani. Mke wangu hana mwaka wa kwanza mwingine. Nifanyeje?

Mwenye Asmini

*

Mzee wangu,

Nakuamkia kwa heshima, na pole. Hasira yako ina haki. Mwanao hakusahau, angalisahau ningalimtetea. Alimpima mamake na mkubwa wake wa kazi, akaona mama anaweza kungoja kwa kuwa amekwisha kufa. Tena huyo anayejua sana adabu ya mgeni alimdhihaki mgeni aliyekwisha kuketi mkekani mwake.

Lakini usijifiche nyuma ya makosa ya mtoto. Umeniandikia saa tano, saa tano u nusu, saa sita kasorobo. Saa uliiona vizuri, basi mikono yako ilikuwa wapi? Mtawa haombi, sawa. Wewe nani alikukataza kutoa? Ulichelea kumtahayarisha Lewis mbele ya wageni, ukaona heri apunjwe Mirriam. Na Nekesa je? Kapika tangu alfajiri sadaka ya dini isiyo yake, ukatoka na sanamu yako bila hata ahsante. Leo mnamfanya tarishi, baba na mwana, apande na kushuka kubeba viburi vyenu.

Kama mwaka umepita au haujapita, hilo ni la mtawa, mwandikie leo umwulize. Akikubali, mwalike hapo hapo uani. Mtu mmoja na bakuli lake hahitaji ukumbi. Mwendee Nekesa kwa miguu yako, umshukuru kwanza, kisha umwombe apike tena. Lewis mwambie siku na saa, mara moja. Na chakula kikiwa tayari kitoe, usimngoje mtu, hata yeye. Habari ya kusamehe tutazungumza maji yakisha kumiminwa.

*

Kuze, Jumatatu, 11 Desemba 1995

Mpendwa mshauri,

Ulinikaripia, nami nilistahili. Mtawa alijibu kwamba sadaka haifungiwi mlango na kalenda, akaja. Nilimwendea Nekesa, na nilipomshukuru alisema, "Baba, mimi nilidhani umenikasirikia mimi." Jana alifika mapema na sufuria mbili. Mejumaa alileta asmini. Saa tano nilitoa sahani kwa mikono miwili, mtawa akala, na Nekesa ndiye aliyeshika birika, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake. Bakuli lilifurika hadi mkekani.

Lewis alikuja saa sita na robo, akatukuta tunafuta mkeka. "Hamkuningoja," akasema. Nikamwambia hatukungoja. Akanywa maji aliyopewa na mkewe, kisha akaniuliza ni lini alete gari nirudi Tudor.

Sitarudi.