Pole Iliyokwenda Nyumba Nyingine

Jumatatu, 3 Juni
Masahihisho ya darasa la sita mpaka mchana. Jioni kupepeta uwele na mume wangu, Masinga. Upepo wa baridi, vumbi machoni. Kaka Yohana kapiga simu. Wageni wanakuja kutoka Ujerumani kuomba radhi kwa ajili ya mtemi ambaye babu zao walimnyonga pale mlimani. Kijiji kitafute mtemi wa kuwapokea. Yohana anakitaka kiti hicho. Nimechoka ghafla.

Alhamisi, 6 Juni
Masinga ni wa nyumba ya aliyenyongwa. Mimi na Yohana ni wa nyumba ya yule ambaye Wajerumani walimweka badala yake. Mimi na Masinga tulipooana hakuna aliyelitaja jambo hilo. Leo wifi yangu kanipita kisimani bila salamu.

Jumapili, 9 Juni
Mkutano baada ya ibada. Ofisa wa wilayani alisema muda hautoshi kubishana. Akamtaja Yohana: ana nyumba nzuri, anajua kuongea na wageni. Basi, imekwisha.
Baba mkwe, Mzee Chibago, alisimama taratibu.
“Hata safari ile mlichaguliwa hivi hivi,” akamwambia Yohana.
Akaondoka na watu wake. Nikaondoka nao. Yohana aliniona.

Jumatano, 12 Juni
Zizi la Yohana limechomwa. Ndama kafa. Polisi wamemchukua Masinga, ingawa tulikuwa wote shambani. Nimekwenda kueleza, wakanionyesha benchi la kusubiri. Yohana hapokei simu.

Ijumaa, 14 Juni
Masinga karudi. Anachechemea.
Kachelewa. Baba mkwe alifariki alfajiri, njiani kupelekwa hospitali. Presha. Alikuwa anamwita Masinga.

Jumamosi, 15 Juni
Marehemu alitaka kuzikwa mlimani, aliponyongewa babu yake. Yohana kakataa. Mahali pameshasafishwa kwa ajili ya wageni, kaburi jipya litaleta maswali. Nilimfuata kwake. Akanimiminia chai.
“Dada, siyo mimi. Ni wilaya.”
Sikuinywa. Namchukia. Sikujua kama naweza.
Tumemzika nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ngumu. Wachimbaji walipokezana sururu mpaka jua likaanza kuzama.

Alhamisi, 20 Juni
Wageni wamefika. Mwalimu mkuu alinilazimisha kupanga wanafunzi waimbe. Yohana alivaa mgolole mweusi na kushika mkuki wa kuazima. Mama mmoja wa Kijerumani alisoma maneno yake kwa Kiswahili, polepole. Akalia. Akamshika Yohana mikono yote miwili, akamwomba radhi kwa damu ya aliyenyongwa, eti babu yake.
Yohana akaitikia kwamba wamesamehewa.
Nilitaka kupiga kelele. Watoto walikuwa wananitazama, wanasubiri niwaanzishie wimbo. Nikauanzisha.

Ijumaa, 21 Juni
Hakuna shule. Nimepika ugali na mlenda. Masinga kala kidogo. Ndiyo mara yake ya kwanza kuuliza.
“Walisema nini?”
“Wanasikitika.”
“Walimwambia nani?”
Anajua. Nilimmwagia maji ya kunawa. Akanawa muda mrefu, kisha akatoka kwenda kurundika mawe juu ya kaburi, fisi wasilifukue. Nikamfuata. Tukarundika.