Goti la Mjomba Ludvik

Mtaa wa Kinnear, Nyumba Na. 418,
Port Lorne, Ohio.
27 Mei 2019

Mpendwa Dada Marlene,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Noreen na paka, natangaza kwamba simu yangu ya mkononi imehukumiwa kifungo katika droo ya vijiko, kila Jumapili, mchana kutwa, maisha. Hakimu ni mimi. Rufaa hakuna.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Shemeji Delbert hajambo? Kile kikohozi chake cha vumbi la Tucson kimempa nafuu? Sisi huku tu wazima. Noreen anakusalimu na anasema maua uliyomtumia yameota, ila hayafanani na picha. Mimi pia ni mzima, isipokuwa tumbo linaendelea kunitangulia kila ninapokwenda, na siku hizi halisubiri hata mlango ufunguliwe.

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kutengeneza kahawa. Mara ya pili nikakumbuka kuna mashine ya kufulia ya mteja inanisubiri gereji, nikaifungua, nikaifunga, sikuitengeneza. Sasa nimekaa tena.

Uliniuliza kuhusu Korongo. Dada, Korongo wametolewa. Timu nzima ya kikapu ya watu warefu kama nguzo za umeme, na hakuna hata mmoja anayetaka kusogea karibu na goli. Kila mtu anarusha kutoka mbali. Yule wa katikati, ambaye akinyoosha mkono tu anagusa pete, naye siku hizi amesimama huko nje kama anasubiri basi. Nikisema hivyo Noreen huniuliza mimi niliwahi kufunga vikapu vingapi. Viwili, shule ya kati, na kimoja nilikifunga kwenye goli letu wenyewe.

Wafua Chuma, timu yetu ya besiboli, kwa upande mwingine, wako vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Wewe unajua besiboli inavyonitesa. Kikapu kinakwenda na damu yangu: ukipepesa jicho wamefunga. Besiboli unakaa, mrushaji anatazama kofia yake, anatazama mawingu, anakuna sikio, halafu ndipo anarusha. Miguu yangu haikuumbiwa kazi hiyo. Naenda kwa ajili ya Mjomba tu, kwa sababu haendeshi tena gari, na kwa ajili ya soseji.

Kuhusu ujumbe wako wa juzi. Umeandika kwamba mtakapokuja mwezi wa saba, kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka themanini, utamkabidhi Mjomba Ludvik fimbo iliyopakwa rangi za Wafua Chuma, na utasimama mbele ya ukoo wote useme, "Hii ni kwa ajili ya goti lililokimbia historia." Noreen alicheka mpaka akakaa. Mimi nilitoka nikaenda kumwagilia nyasi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Usifanye hivyo, dada. Nisome mpaka mwisho utajua kwa nini.

Unakumbuka mwaka wa sabini na nane, ulipokuwa na miaka kumi? Awamu ya saba kati ya tisa, wapinzani hawajapiga hata mpira mmoja ukawafikisha kituo cha kwanza, uwanja mzima umenyamaza, nawe ukasema kwa sauti ya kengele, "Mjomba, hawajapiga hata mmoja!" Mpira uliofuata ukapigwa. Mjomba hakusema nawe wiki mbili. Tangu hapo sote tunajua: jambo lile, la mrushaji kumaliza awamu zote tisa bila kupigwa hata mpira mmoja, likiwa njiani halitajwi. Si na shabiki, si na mchezaji, si na mtangazaji wa redio. Miaka hamsini na minane mzee yule amejaza madaftari yake ya matokeo kwa penseli, kisanduku kwa kisanduku, akingoja kuliona likitimia kwa macho yake, na kila mara linavunjika.

Basi Jumapili ile, tarehe 19, tulikuwa viti vyetu vya siku zote. Wafua Chuma uwanjani, na Korongo siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, wanacheza ugenini mechi ya kufa na kupona. Nilikuwa na simu mapajani tangu awamu ya pili. Nakwambia ukweli, sikujua hata nani anarusha. Mwisho wa awamu ya saba Korongo wanaongoza kwa pointi mbili, na simu ikazimika.

Nikainuka. "Mjomba, twende zetu. Tukichelewa tutakwama kwenye foleni."

"Keti kidogo."

"Wafua Chuma tunaongoza sita kwa bila. Kuna nini tena cha kuona?"

Akanitazama. Akautazama ubao wa matokeo. Akanitazama tena. "Keti, Rudi mpwa wangu. Kuna jua zuri."

Dada, umewahi kumsikia mzee yule akisifia jua? Mimi hata hilo halikunigutusha. Jamaa wa nyuma yetu akasema, "Kaka, mzee kakwambia kuna jua zuri." Mama mmoja wa pembeni akaongeza, "Kaa chini wewe na hilo tumbo lako, unatutilia kivuli." Mstari mzima ulikuwa unanikodolea macho, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini. Nami, mtoto niliyelelewa kwenye viti vile, nikadhani ni watu wasio na adabu.

"Mimi nakwenda kuleta gari, nikukute getini," nikasema.

Mjomba akaweka penseli katikati ya daftari, akalifunga. "Kama una haraka, twende."

Angeweza kunizuia kwa neno moja. Hakulisema. Aliona afadhali akose yeye kuliko kumharibia kijana aliyekuwa anarusha.

Garini nikawasha redio, nikaanza kutafuta Korongo. Akanishika mkono, polepole. "Acha hapo." Mtangazaji alikuwa anasema mashabiki wote wamesimama, na kwamba kijana wetu anaendelea na kazi yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikimbia hadi getini. Mlinzi akanieleza bila ukali kwamba aliyetoka ametoka, na tiketi yake imekwisha kazi. Niliporudi, Mjomba alikuwa amekaa vilevile, daftari mapajani, limefungwa. Hajawahi kuandika asichokiona.

Tulisikia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta wa uwanja kabla redio haijasema lolote. Uwanja mzima ulipasuka. Akasema, "Amemaliza." Kisha, "Haya, endesha. Utakosa kikapu chako."

Korongo walifungwa kwa pointi kumi na nne.

Ni yeye aliyewapigia wote simu jioni ile kusema goti lilimzidi, akaniomba nimtoe. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Wiki nzima nimenyamaza. Jana nilikwenda kwake, akawa anachemsha kahawa, nikalifungua daftari. Awamu ya nane na ya tisa, visanduku vyote vitupu. Chini yake ameandika kwa penseli: "Nilitoka mapema. Goti."

Miaka hamsini na minane, dada, hilo ndilo neno la uongo la kwanza katika vitabu vile, na ameliandika kwa ajili yangu.

Siku ya sherehe nitasimama mimi niwaeleze. Wewe fimbo iache huko. Mletee penseli.

Msalimie shemeji Delbert, na Shangazi Olga akikupigia simu. Mungu awalinde njiani na awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rudi